Kochi Lisilo na Zipu

Ukitaka kumtukana yule mwanamke waliyemwita Sindano, usimguse mama yake wala umri wake. Mwambie tu kwamba kochi lake linalia.

Alikuwa fundi wa makochi. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na karakana ya mabati iliyokuwa mbele ya nyumba, sindano zilizopinda kama kucha za paka, na maneno machache ambayo mzee aliyarudia mpaka anaingia kaburini. Neno kubwa lilikuwa hili: kochi ni kama mtu mzima, halionyeshi lilipofungiwa. Maana kila kochi lina mahali fundi anapotokea. Unavalisha kitambaa mbele, unavalisha pembeni, unavuta, unapigilia, mwisho unabaki mgongo ulio wazi, na hapo ndipo unapotoa mikono yako. Fundi mvivu anaufunga mgongo kwa misumari au anatia zipu. Sindano aliufunga kwa mkono kutokea nje, mshono mdogo mdogo unaozama, na fundo la mwisho akalizika chini ya sponji. Mteja angeligeuza kochi juu chini asione alipotokea. Hapo Sindano alijiona mtu, na hakusita kulisema.

Alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, mwanamume mrefu mwembamba waliyemwita Nguzo, ingawa hakuna kitu alichowahi kukishikilia kikasimama. Ujana wake wote ulikwisha katika kiwanda cha magodoro, akikata sponji na kuzibeba. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walitoka na viinua mgongo vyao, yeye akatoka na kifua. Vumbi la sponji lilikuwa limehamia humo kama mpangaji asiyelipa na asiyefukuzika. Akianza kukohoa ungedhani mtu anakokota kiti sakafuni. Mkewe alivumilia, akachoka, akaenda zake. Nguzo akarudi kwa dada yake, akapewa chumba cha nyuma, akawa anashinda karakanani akichambua misumari iliyopinda na isiyopinda.

Mama yao, siku za mwisho, aliwaita wote wawili kitandani, lakini maneno alimpa mmoja. Alimwambia Sindano, huyu nakuachia wewe, asikufie mikononi. Sindano akaitikia. Na alipoitikia jambo, ndiyo imetoka hiyo.

Kuna kitu kimoja lazima kielezwe hapa. Tangu utotoni, pumzi ikimbana, Nguzo hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aligeuza kiganja cha mkono wa kulia kikatazama juu, akafumba vidole, akafumbua, akafumba, akafumbua, kama mtoto anayeomba kitu asichokijua jina. Mama yao alikuwa akiuona mkono huo hata katikati ya moshi wa jikoni. Mama alipofariki, aliyebaki anaujua mkono ule ni Sindano peke yake.

Sasa mtaani hapo palikuwa na fundi simu. Kibanda chake kilikuwa chembamba kama kabati, na yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa sinema. Simu za watu zilimlalia mezani zimefumuliwa, yeye anawaza picha. Mwishowe akaamua atatengeneza filamu yake mwenyewe, na hadithi yake ilikuwa hivi: kochi linaanguka kutoka kwenye nyota, linatua mbele ya mlango wa watu. Wenye nyumba wanafurahi, kochi la bure! Bibi anakaa, haonekani tena, kinabaki kiatu kimoja. Mpangaji anakaa, inabaki miwani. Kumbe lile si kochi, ni mnyama wa nyota ya mbali aliyejigeuza, na chakula chake ni makalio ya watu. Fundi simu alisema picha itatisha, itachekesha, na itakuwa na sayansi ndani yake.

Sayansi yenyewe ilikuwa masufuria mawili yaliyofunikana, yamening'inizwa kwa uzi wa ndoano, hicho ndicho chombo cha angani. Damu ilikuwa rangi ya kuchovya nguo iliyokorogwa na gundi. Mtaalamu wa nyota alikuwa kinyozi wa jirani, ndani ya koti lake lile lile la kunyolea, na kifaa chake cha kuongea na sayari kilikuwa mashine ya kunyolea, maana ilikuwa inanguruma na ina taa.

Walichokosa ni kochi linaloweza kusimama na kutembea. Fundi simu akaenda kwa Sindano.

Sindano alimsikiliza huku ana misumari mdomoni, akamaliza kuipigilia yote, kisha akamwambia yeye hatengenezi makochi ya wehu. Ingeishia hapo. Lakini Nguzo, aliyekuwa kwenye kona yake ya misumari, akauliza nani ataingia humo ndani. Fundi simu akasema bado hajampata, anatakiwa mtu mrefu, mwembamba, anayeweza kujikunja.

Nguzo akainuka. "Dada, huyu anayetajwa si ni mimi?"

"Wewe una kifua."

"Kifua kitakuwa ndani ya kochi. Nani atakiona?"

Walicheka wawili, fundi simu na Nguzo. Sindano hakucheka. Alimtazama mdogo wake na akaona kitu ambacho hakukiona tangu kiwanda kifungwe: mtu anataka jambo. Wiki nzima alikataa, na wiki nzima Nguzo hakula vizuri, akawa anachambua misumari iliyokwisha kuchambuliwa. Mwishowe Sindano akakubali kwa masharti. Kochi atalitengeneza yeye. Atakayemfungia Nguzo ndani ni yeye na atakayemfungua ni yeye, si mwingine. Atakaa hapo hapo pembeni kazi ikiendelea, wembe ameuchomeka kwenye kilemba. Na Nguzo akitaka kutoka, atagonga mbao kwa ndani mara tatu.

Fundi simu alikubali yote, ila aliomba jambo moja. Aliomba zipu mgongoni, iwe rahisi.

"Kochi lenye zipu mgongoni ni begi," Sindano alimwambia. "Nenda kwa wauza mabegi."

Basi akatengeneza. Na lilikuwa kochi kweli kweli, usifanye mchezo: la watu wawili, ngozi ya plastiki rangi ya ini, mikono miwili minene ambayo Nguzo aliingiza mikono yake, na miguu yake mirefu ilikunjwa chini ya kalio. Likikaa limekaa, hulidhanii. Likisimama, mtu mzima ananyanyua miguu na kukimbia huku anacheka. Mahali pa pumzi Sindano aliacha chini, kwenye kitambaa chepesi cha tumboni. Kila walipoanza alimfungia kwa mishono mikubwa ya haraka, na walipomaliza aliichana kwa wembe, swaa, Nguzo anatoka amelowa jasho, meno yote nje.

Nguzo alibadilika. Watu waliokuwa wakimpita kama kizingiti wakaanza kumsalimu njiani, kochi limeamkaje, leo limekula nani. Naye anajibu kwamba leo limefunga. Kikohozi kilikuwepo pale pale, lakini alikohoa kama mtu mwenye shughuli, si kama mtu anayesubiri. Alikuwa akifanya mazoezi chumbani kwake, dada mtu anamsikia akihangaika na miguu, akawa anatikisa kichwa na kujizuia asitabasamu. Alisema moyoni, labda mama aliniambia nimlinde na kifo, hakuniambia nimlinde na furaha.

Ilipobaki siku ya kochi kufa tu, na kipande kifupi cha kochi kuamka tena, fundi simu aliwakusanya kibandani awaonyeshe waliyokwisha kupiga. Walisimama wamebanana, wanatazama kioo kidogo. Kochi linatembea kwenye ukumbi wa nyumba, taratibu, linanyemelea. Na kila hatua inasikika ko, ko, ko. Yalikuwa magoti ya Nguzo yakigonga mbao.

Kinyozi, mtu asiyejua kufunga mdomo, akasema, "Mama, kochi lako linalia."

Wengine walicheka. Sindano aliondoka pale bila kuaga, akaenda karakanani, akalifumua kochi tumbo zima. Kila mbao iliyokuwa ndani akaivisha sponji, sponji nene, akaibandika kwa gundi na kuikaza kwa kamba. Akagonga kwa nyundo: kimya. Akagonga tena kwa nguvu: kimya kabisa, kama unagonga mto. Akaridhika. Hakuna aliyemwambia afanye vile. Na katika vichwa vyote vilivyokuwepo, hata cha Nguzo mwenyewe, hakikupatikana hata kimoja kilichokumbuka kwamba mbao zile ndizo zilikuwa mdomo wa mtu aliye ndani.

Siku ya kochi kufa ilikuwa siku ya joto. Walipigia picha chumba cha mbele cha nyumba ya Sindano, madirisha wameyaziba kwa mablanketi ili mwanga uwe wa kutisha. Fundi simu akaeleza kwamba leo kamera itapita mpaka nyuma, mgongo utaonekana. Sindano aliposikia mgongo utaonekana, mkono wake wenyewe ulikataa mishono ya haraka. Alichukua uzi wa kukazia, akaukunja mara mbili, akaupaka nta, akashona mshono mdogo mdogo unaozama, kama vile kochi linapelekwa kwa mteja. Nguzo alisema kutoka ndani kwamba leo dada anashona kama hataki nitoke. Sindano akampiga kofi mgongoni, akamwambia anyamaze, makochi hayasemi.

Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia akiwa mzima.

Katika hadithi, mnyama yule hawezi maji ya sabuni. Kinyozi alikuwa amrushie ndoo nzima, na kochi lianguke chali, lirushe miguu, lifurukute, life. Ndivyo walivyofanya. Kinyozi akasema maneno yake ya kitaalamu, akarusha maji. Maji yakalowesha mpaka tumboni, na kile kitambaa chepesi cha pumzi kikalowa, kikanata. Kochi likaanguka. Likarusha mguu mmoja, likarusha wa pili. Likajipinda upande, likajipiga ukutani, likarudi, likatetemeka mwili mzima kama kuku. Hawajawahi kuona kitu kinachochekesha hivyo. Kinyozi alisahau maneno yake, akaketi sakafuni anashika mbavu. Fundi simu mwenyewe mabega yalikuwa yanamcheza, lakini kamera hakuishusha.

Na aliyeanza kucheka ni Sindano. Kicheko chake kilijulikana mtaani, kilikuwa kama debe linaloshuka ngazi. Alicheka mpaka machozi, mkono kifuani, akawa anasema jamani mtoto huyu, jamani mtoto huyu. Alikuwa anajivuna. Kochi linajipiga ukutani na halitoi hata mlio.

Halafu akauona mkono wa kulia wa kochi. Ulikuwa umegeuka, upande wa chini umekuja juu. Na pale kwenye ncha, chini ya ngozi ya plastiki, kitu kilikuwa kinafumba na kufumbua. Kinafumba, kinafumbua.

Aliruka na wembe wake. Lakini uzi wa mara mbili wenye nta si uzi wa haraka. Wembe uliteleza, ukavunjika. Akapiga kelele apewe mkasi, watu bado wanacheka, wanadhani naye ameingia kwenye hadithi. Akachana kwa meno ya mkasi, akachana ngozi yenyewe, akakichana kidole chake hapo hapo. Walipomtoa Nguzo alikuwa na rangi ya majivu, macho wazi, na mkono wa kulia umelegea.

Hospitali walimrudishia pumzi, lakini si yote. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamekwisha kuliwa siku nyingi, hili limemalizia tu. Akarudishwa nyumbani, akalazwa chumba kile kile cha mbele, na Sindano akayaondoa mablanketi ili apate mwanga.

Mtaa ulihitaji mtu wa kumlaumu, ukampata fundi simu. Watoto walimzomea. Wateja walikwenda kuchukua simu zao hata hazijapona. Walisema alikuwa anapiga picha mtu anakufa. Sindano alisikia yote hayo na hakusema kitu. Alikuwa na mgonjwa, alijiambia, hana nafasi ya kuchunga midomo ya watu.

Nguzo alizungumza kidogo kidogo, neno, pumzi, neno. Jambo la kwanza alilouliza ni kama picha ilipatikana. Dada yake akamwambia aache upuuzi. Siku nyingine akauliza kama watu walicheka.

"Walicheka," Sindano alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nahangaika na uzi."

Nguzo akatazama dari. Baadaye, baada ya kupumzika, akasema lile alilokuwa amelitunza. "Miaka yote nimebeba magodoro ya watu, dada. Wamelala juu yake, na hakuna hata mmoja aliyeniota. Picha ile waiache. Waambie wasiikate."

Sindano akasema hiyo mashine ya fundi simu ataichoma moto yeye mwenyewe. Hawezi kukaa watu wakamcheka ndugu yake anakata roho. Nguzo akasema ndiyo, wamcheke, kwani alikuwa anafanya nini mle ndani kama si kuchekesha? Alimwomba aahidi. Sindano akasema, "Tutaona." Akamwomba tena siku ya pili na ya tatu, jibu likawa lile lile, na kila alipolisema alikunja shuka la mgonjwa vizuri zaidi, kana kwamba shuka ndilo lenye kosa. Walikuwa wa tumbo moja wale, ukaidi waligawana sawa. Nguzo akaacha kuomba. Akaacha na kuzungumza. Asubuhi moja Sindano alipoingia na maji ya kumnawisha, alikuta mdogo wake ameondoka, na ile "tutaona" imebaki chumbani kama mgeni asiye na pa kwenda.

Walimzika. Mtaa ukamaliza kilio ukarudi kwenye shughuli zake.

Ndipo fundi simu akaja, amekonda, shati limemning'inia. Hakukaa hata alipokaribishwa. Alisema amekuja kumwambia mama kwamba ameshaikata ile sehemu. Filamu haitakuwa na kochi kufa. Pengine haitakuwepo kabisa.

Sindano alikuwa ameshinda sasa. Alitegemea moyo utulie, haukutulia. Akamwambia, "Nionyeshe."

"Mama, usitazame."

"Nimekwambia nionyeshe."

Akamwonyesha, wamekaa kwenye benchi la karakana, kioo kidogo katikati yao. Sindano aliona kochi linaanguka. Na kabla ya mtu mwingine yeyote, kabla ya kinyozi, akasikia debe linashuka ngazi. Lilikuwa karibu na kamera, lilijaa kila mahali. Jamani mtoto huyu. Jamani mtoto huyu. Aliona mkono umegeuka mapema, mapema sana, yeye bado anacheka. Aliona kilemba chake kinaingia kwenye picha wakati mkono umekwisha kuchoka.

Fundi simu alisema taratibu kwamba hajamwonyesha mtu. Na kama mama anataka picha ibaki, kile kicheko anaweza kukitoa, mashine inajua kutoa sauti moja ikaacha nyingine. Hakuna atakayejua.

Sindano alijua wanavyomwita huyu mtu mtaani. Alijua ni nani aliyezivisha mbao sponji.

"Irudishe," alisema. "Yote. Na changu kiache."

Fundi simu akaanza kusema watu wataongea. Sindano akamwambia watu wana midomo, waitumie. Kisha akauliza kochi liko wapi. Lilikuwa kibandani kwake limefunikwa, mgongo umechanwa toka juu mpaka chini. Akamwagiza alilete, maana alijua ilibaki sehemu ndogo ya mwisho, ile ya kochi kuamka tena baada ya wote kudhani limekufa, na fundi simu angeingia mwenyewe, hakuna mwingine aliyekuwa tayari.

Hakuuficha ule mpasuko. Alinunua zipu ndefu, nyeusi, ya meno makubwa, akaishona mgongo mzima mahali pa wazi kabisa. Akaifungua, akaifunga, akaifungua. Akaipaka sabuni kavu iteleze. Akatia na kishikio cha ndani, anayeingia aweze kujifungulia mwenyewe. Sponji za kwenye mbao akazing'oa zote, akagonga kwa nyundo: ko, ko, ko. Kinyozi alipopita akafungua mdomo atanie habari za begi, akamwona usoni, akaufunga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Filamu walionyesha kwenye ukumbi wa kukodi, shuka jeupe ukutani, viti vya plastiki. Watu walijaa, wengine walikuja kwa ajili ya filamu, wengine kwa ajili ya kumtazama Sindano. Alikaa mstari wa mbele, kilemba kimefungwa vizuri, shingo imenyooka. Masufuria yaliruka, watu wakacheka. Bibi akaliwa, wakapiga kelele, wakacheka. Halafu kinyozi akarusha maji.

Kicheko chake kilitoka kwenye spika kwanza, kikubwa kuliko alivyokikumbuka. Watu waliokijua waligeuka kumtazama. Hakuinamisha kichwa. Wakamtazama kidogo, kisha kochi likarusha miguu yake mirefu, na wao pia wakashindwa. Ukumbi wote ulicheka, mtu mzima na mtoto, wakapiga mapaja, viti vikalia. Nguzo aliyataka hayo, akayapata.

Wao walikuwa wanatazama miguu. Sindano peke yake ndiye aliyetazama mkono. Ukafumba, ukafumbua. Aliufuata mpaka ulipofumbua mara ya mwisho na ngozi ya plastiki ikatulia. Hapo hapo fundi simu alikuwa amekata, maana kwenye hadithi yake kipande hicho ni cha kochi kufa tu, na mwanamke mwenye kilemba hahusiki.

Katika picha ile, hakuna anayekuja na wembe.